Beberu Aliyefunga Kwaresima

Kuna watu Mungu amewajalia akili, na kuna watu amewajalia uhakika. Oswaldi wa Katundwe alipata fungu la pili, tena alipakuliwa sahani ikafurika. Jambo lolote likizuka kijijini, kabla wenzake hawajamaliza kujikuna kichwa, yeye ameshasimama: "Acheni mimi." Ndiyo maana mwaka sabini na tano, watu wakiwa wamehamishwa juzijuzi kutoka vitongojini mwao na kupangwa mistari mistari pale Katundwe, si mbali na Kaengesa, kijiji kilipoambiwa kiunde kamati ya mifugo hakuna aliyehangaika kutafuta wa kuiongoza. Wa kuiongoza alikuwa amekwisha simama.

Mwezi wa sita kamati ikapata beberu. Alitoka shamba la serikali, akafika njia panda ndani ya lori la Mwinjuma, mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini, kasimama katikati ya magunia ya chumvi kama abiria aliyelipa nauli yake. Beberu mrefu, mwekundu wa rangi ya udongo, masikio yamelala mpaka shavuni. Mbuzi wa Ufipa unawajua, wafupi, masikio yamesimama, roho ngumu. Sasa watu wakamwona huyu bwana mkubwa anashuka, wakapiga vigelegele. Oswaldi akamwongoza kwa kamba mpaka kijijini, shingo ya mtu na shingo ya mbuzi zote zimenyooka. Kwa kuwa alikuwa si wa pale, wakamwita Mgeni.

Oswaldi akatoa amri mbili, na hizo amri mbili ndizo zilizozaa maneno yote yaliyofuata.

Ya kwanza, madume yote ya zamani yahasiwe, ili mbegu ya Mgeni isichanganyike na ya wale wafupi. Bwana mifugo Beda, kijana mpole aliyekuja kwa baiskeli kutoka mjini, alisema wahasiwe madume dhaifu tu, akaacha koleo la kuhasia, akaenda zake. Oswaldi akayatazama madume ya kijiji, akamtazama Mgeni, hakuona dume hata mmoja asiyekuwa dhaifu. Akapita nyumba kwa nyumba na lile koleo. Hata vitoto vya kiume vilivyokuja kuzaliwa baadaye havikusalimika.

Aliyelia ni Luciana. Huyu alikuwa mjane wa kaka yake Oswaldi, kwa hiyo shemeji yake, na utani wa shemeji ni haki ya mtu, hauombewi ruhusa. Luciana alikuwa na majike manane na dume mmoja mwenye upara wa manyoya juu ya paji la uso, jina lake Kipara. Mumewe ndiye aliyemlea huyo Kipara tangu angali kitoto, akafa kabla hajamwona amekuwa dume. Koleo lilipofunga, Luciana alitoa machozi ya kweli. Kisha akajifuta kwa upindo wa khanga, akasema, "Haya shemeji, umeshinda. Lakini hilo koleo usije ukalisahau kitandani kwako. Utajuta peke yako."

Amri ya pili, Mgeni ni mali ya wote, kwa hiyo atalala kwa zamu, siku tatu kila nyumba, na Oswaldi mwenyewe atapita kukagua. Nyumba ambayo Mgeni atakutwa ubavu umebonyea, wenye nyumba watalima siku mbili za ziada katika shamba la kijiji.

Tunajua wote mali ya wote inavyotunzwa. Jembe la wote halina mpini, na kisima cha wote hakina mfuniko. Lakini kwa Mgeni mambo yakageuka kichwa chini miguu juu. Kila nyumba iliogopa kuwa ndiyo hiyo itakayosemwa. Mke wa nyumba ya tano akisikia nyumba ya nne Mgeni kapewa pumba, yeye anampa pumba na mahindi. Nyumba ya sita inaongeza machicha ya pombe. Na wakati wenyewe ulikuwa ule ulezi umeshaingia ghalani, pombe inapikwa kila kona, machicha yamejaa vibuyu na mapipa. Basi Mgeni akawa anaamka na machicha, anashinda na pumba, analala na mahindi ya kuchemsha. Malishoni hapelekwi, asije akaumwa na kitu. Usiku analazwa ndani karibu na mafiga, maana baridi ya Juni kule juu haina mchezo. Mvua zilipoanza akafungiwa kabisa, asilowe. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa hatua thelathini kila siku ya tatu, kutoka mlango huu kwenda mlango wa pili, na hapo katikati alipumzika.

Oswaldi alipita na daftari lake, akamgonga ubavuni kwa kiganja kama mtu anayechagua boga, akasikia *ndu*. Akaandika: Vizuri sana.

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja mbuzi wakazaa. Oswaldi akawa hatembei, anaelea. Alipita kila zizi kupokea pongezi kana kwamba kazi ile aliifanya yeye mwenyewe. Alipofika kwa Luciana, shemeji yake alikuwa amechuchumaa na kitoto kipya mapajani.

"Hongera shemeji," Oswaldi alisema. "Unaona damu ya Mgeni hiyo?"

"Naiona. Hebu njoo uishike masikio."

Oswaldi akashika. Yalikuwa mafupi, yamesimama wima. Na juu ya paji la uso palikuwa na upara.

"Mbuzi hubeba miezi mitano," Luciana alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Hawa waliingia tumboni kabla ya koleo lako. Hii ni salamu ya marehemu Kipara. Huyo Mgeni wako bado hatujamsikia amesema neno."

Na kweli, baada ya Novemba pakawa kimya. Desemba hakuna. Januari hakuna. Kila baada ya wiki tatu majike yanalia yanataka dume, yanapelekwa kwa Mgeni, yanarudishwa, na baada ya wiki tatu yanalia tena. Siku moja watu walikusanyika kushuhudia kwa macho yao. Akaletwa jike anayetikisa mkia kama kichaa. Mgeni akanyanyua pua, akanusa, akapiga chafya. Kisha akakunja miguu ya mbele, akakunja ya nyuma, akalala, akaanza kucheua.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Oswaldi naye alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyagwa mguu na mkwe. Ndani alikuwa hana raha hata chembe. Mbuzi themanini wa kijiji, mwaka mzima bila kitoto, na madume yote yamemalizwa kwa mkono wake. Usingizi ulianza kumkimbia, na chakula kikawa hakina ladha.

Jumapili ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, mwenyekiti wa kijiji, Adolfu, akaita mkutano mbele ya ghala. Adolfu alikuwa mtu wa maneno machache na tumbo kubwa.

"Ndugu zangu," alisema, "mnyama amekula vya kijiji miezi minane. Hakuzaa. Sasa na sisi tumle."

"Leo!" sauti ikatoka nyuma.

"Leo tukimla, Jumatano tunaingia Kwaresima tukiwa tunajilamba vidole. Tumle Pasaka, baada ya misa, kijiji kizima. Kisha tutaomba dume kwa jirani zetu wa ng'ambo ya mto. Watacheka, lakini watatupa. Na wa kwenda kuomba..." Adolfu hakumalizia. Hakukuwa na haja, maana macho ya watu wote yalikuwa yameshatua kwa Oswaldi.

Oswaldi akasimama. Kwa mara ya kwanza hakusema "acheni mimi". Alisema, "Nipeni mnyama akae kwangu mpaka Pasaka. Akibadilika, msimle. Asipobadilika, nitamchinja mimi mwenyewe na kuomba nitakwenda."

Wakampa. Hasara ilikuwa wapi?

Nyumbani, Oswaldi alikuwa na mpango. Mnyama hana nguvu, kwa hiyo aongezewe chakula. Akatenga debe la mahindi. Akamwambia mkewe, Kristiana, atafute machicha popote yalipo.

Kristiana aliweka mikono kiunoni. Mwanamke mdogo wa mwili, lakini akiweka mikono kiunoni hata mlango unaonekana mwembamba.

"Baba Cornelia, Jumatano ni siku gani?"

"Majivu."

"Katika nyumba hii, siku arobaini, nani anakunywa pombe?"

"Hakuna."

"Basi machicha yatatoka wapi? Nani anakula vya mafuta?"

"Lakini Kristiana, yule ni mbuzi."

"Anakaa nyumba ya Mkristo. Atafunga. Na tena waliotutangulia walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako ana miezi minane hajaona hata mpini. Kuanzia Jumatano atakula majani, atayafuata mwenyewe kwa miguu yake, na wewe utamsindikiza."

Oswaldi alibisha, akashindwa. Ndivyo ilivyo, ukioa mwanamke mwenye hoja, jifunze kushindwa mapema upate muda wa kupumzika.

Jumatano ya Majivu, Oswaldi ana alama ya majivu kwenye paji la uso, akamvuta Mgeni kwa kamba kuelekea mlimani. Ulikuwa mwezi wa tatu, masika yamekolea, milima ya Ufipa kijani tupu mpaka macho yanauma. Mgeni akapiga hatua ishirini, akalala. Oswaldi akamsukuma kwa nyuma. Akapiga nyingine kumi, akalala. Wanawake waliokuwa wanapalilia maharage wakanyoosha migongo.

"Mzee Oswaldi, yupi anamchunga mwenzake?"

"Mbebe mgongoni, si mgeni wa heshima!"

Walifika mlimani jua likiwa utosini. Mgeni akayatazama majani mabichi kama mtu aliyeletewa chakula cha kabila lisilojulikana. Hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu njaa ikamfundisha adabu.

Oswaldi hakuweza kuvumilia. Siku ya tano alijaza mahindi mifukoni mwa koti, akajificha nyuma ya zizi, akawa anampa punje punje kiganjani huku anamnong'oneza, "Kula bwana, kula, Pasaka iko mbali." Akasikia kikohozi. Kristiana alikuwa amesimama na ungo.

"Unamlisha nani hapo?"

"Mbuzi."

"Mbuzi! Unalisha fahari yako wewe. Yeye keshashiba tangu mwaka jana." Akanyoosha ungo. "Mimina."

Oswaldi akamimina mpaka punje ya mwisho. Kesho yake maneno yalikuwa yameshafika kwa Luciana, sijui kwa njia gani, labda kuta za Katundwe zilikuwa na miguu. Alipompita njiani alimwita, "Shemeji! Nasikia Kwaresima hii umevunja mfungo wa mtu!"

Wiki ya tatu, kitambi cha Mgeni kikaanza kuyeyuka. Cha Oswaldi pia, maana kupanda mlima kila siku na kurudi kula ugali wa ulezi na maharage bila mafuta si mchezo. Watu wakawa wanauliza ni nani kati yao anayetakiwa kuchinjwa. Wiki ya nne Mgeni akawa yeye ndiye anayevuta kamba. Alipanda mawe, akasimama kwa miguu ya nyuma kuchuma majani ya juu, akagombana na kichuguu. Asubuhi moja Kristiana alifungua mlango wa zizi, akarudi nyuma ameziba pua.

"Baba Cornelia, njoo! Ananuka!"

Oswaldi akakimbia. Ee bwana! Harufu ya beberu, ile kali inayoingia nguoni na haitoki mpaka Jumapili ya pili. Katika miezi yote ile Mgeni alikuwa hanuki kitu zaidi ya pombe. Oswaldi akavuta pumzi mpaka ndani kabisa, machozi yakamtoka, sehemu kwa harufu na sehemu kwa furaha. Wiki hiyohiyo Mgeni akampanda jike mmoja, akampanda wa pili, mpaka wakamfunga ili apumzike.

Lakini kupanda si kuzalisha, na watu wa Katundwe hawakuwa wajinga. Jumapili ya Pasaka, baada ya misa kigangoni, watu wamevaa nguo zao za sanduku, wakakusanyika mbele ya ghala. Kisu kilikuwa juu ya jiwe. Vyungu vya maji vilikuwa vimeshatengwa motoni. Adolfu akamzunguka Mgeni, akambonyeza mgongo, akatikisa kichwa.

"Mmekikondesha kitoweo chetu."

"Amepona, Ndugu Mwenyekiti," Oswaldi alisema. "Uliza yeyote. Anapanda."

"Hata jogoo anapanda. Mimba iko wapi? Majike aliowapanda wiki zile, wengine wameshaanza kulia tena. Au uongo?"

Haukuwa uongo. Oswaldi alijua, wawili walikuwa wamerudi juzi tu. Akafungua mdomo kusema nipeni mwezi mmoja, akaona nyuso za watu. Watu walikuwa na njaa ya siku arobaini. Kuna wakati wa kumwomba binadamu subira, na mbele ya chungu kinachochemka siku ya Pasaka sio wakati wenyewe. Akakichukua kisu, maana alikuwa ameahidi kuchinja kwa mkono wake. Mgeni akamlamba kile kiganja kilichokuwa kinampa mahindi ya wizi.

"Ngoja."

Alikuwa Luciana. Watu wakaanza kutabasamu kabla hajasema, wakijua shemeji anakuja kummalizia. Oswaldi akainamisha kichwa ayapokee.

"Mbuzi wangu mweupe," Luciana alisema, "alipandwa na huyu katikati ya Kwaresima. Wiki tatu zimepita, na juu yake siku tatu. Hakurudi. Hakulia. Anakula na kulala tu. Mnajua maana yake."

Adolfu akamkazia macho.

"Una hakika, Mama?"

"Adolfu, nani katika kijiji hiki aliyelia siku ya lile koleo? Nani aliyemcheka huyu mwanamume kuliko mimi? Kama kungekuwa na sababu ya kumla huyu beberu, mimi ningekuwa wa kwanza kuleta chumvi. Nasema mbele yenu, Pasaka hii hii: mbuzi wangu ana mimba."

Anapokusifu rafiki yako watu hupunguza nusu, lakini anapokusifu mwenye ugomvi nawe, huongeza. Adolfu akapumua kwa uchungu, akatoa kondoo wake mmoja aliyekuwa anamwekea ubatizo wa mjukuu, na Pasaka ikaliwa. Oswaldi alitaka kumshukuru shemeji yake, akamkuta anakatakata vitunguu, akaambiwa apishe, anazuia mwanga.

Mwezi wa tano Bwana Beda akaja na baiskeli yake. Alimkagua Mgeni kwa mikono, mbele na nyuma, huku mabinti wa kijiji wanachekea viganjani.

"Shikamoo mzee," alimwambia Oswaldi alipomaliza, maana kwa kukagua alikuwa amesahau salamu. "Mlimwachisha machicha lini?"

"Marahaba. Jumatano ya Majivu."

Beda akahesabu kwa vidole. "Basi ndiyo kwanza ameiva. Mbegu ya beberu haitengenezwi usiku mmoja, mzee. Inachukua karibu miezi miwili. Alichokuwa anatoa wakati wa Pasaka bado ni machicha ya Februari. Sasa hivi ndiyo mnaanza kupata majani." Akacheka. "Na mna bahati. Mngemfungisha hivi mwezi wa nane, majani yamekauka, angekonda na bado asizalishe. Kwaresima imeangukia masika. Mnene sana hazalishi, na mwenye njaa hazalishi. Anataka kijani, mlima, na kiganja kimoja tu cha nafaka."

"Basi Kanisa lilijua," Kristiana alisema toka jikoni.

Oswaldi alifurahi kiasi kwamba maneno mengine yalimpita. Kichwani alishika moja tu, kwamba Mgeni kaiva. Siku hiyohiyo akaifuta amri ya zamu na daftari lake akampa Kristiana awashie moto.

Kiangazi kikaja na kazi zake. Ulezi ukavunwa, ukapurwa, ukanywewa. Matumbo ya majike yakaanza kuonekana, na kila mtu akawa anatazama la kwake. Wiki ya Mtakatifu Mikaeli, mwisho wa Septemba, jike wa kwanza akazaa mapacha. Wekundu, masikio yamelala mpaka shavuni. Kesho yake akazaa mwingine, na wiki iliyofuata kijiji kizima kilikuwa hakilali kwa milio ya vitoto. Adolfu alikuja kwa Oswaldi na kibuyu cha pombe, akakaa, akanywa chote peke yake, akaondoka bila kusema neno. Hivyo ndivyo Adolfu alivyoomba radhi.

Katikati ya mwezi wa kumi Oswaldi alipata habari kwamba mbuzi mweupe wa Luciana amezaa asubuhi hiyo. Akachukua fimbo akaenda kumpongeza. Njiani alikuwa anaimba. Alipofika karibu na mti wa uzio, wimbo ukamkatika.

Amezaa *leo*?

Akasimama. Oswaldi hakuwa mtu wa kuhesabu, alikuwa mtu wa kujua. Lakini sasa akaanza kukunja vidole, mmoja mmoja, kurudi nyuma. Kumi, tisa, nane, saba, sita. Miezi mitano inatua katikati ya Mei. Akarudia kwa mkono mwingine, ikatua palepale. Mbuzi aliyeshika mimba katikati ya Kwaresima angezaa mwezi wa nane. Jike wa kwanza kijijini kushika mimba angekuwa huyu, na amekuwa wa mwisho. Yale maneno ya Beda yaliyompita mwezi wa tano yakarudi sasa moja moja: wakati wa Pasaka, Mgeni hakuwa na kitu.

Akamkuta Luciana zizini, amepiga magoti kwenye nyasi, anakipangusa kitoto kichanga. Masikio yalikuwa yamelala.

"Shemeji," Oswaldi alisema. "Pasaka ile. Mbele ya ghala."

Luciana hakuinua uso. "Naam."

"Mbuzi hakuwa na mimba."

"Hakuwa nayo. Jumamosi Kuu alinililia dume usiku kucha, sikupata usingizi."

"Uliapa mbele ya kijiji kizima. Siku ya Pasaka. Wewe, niliyekuhasia Kipara!"

"Ulitaka nifanyeje? Kijiji kina dume mmoja, wanataka kumtia chumvi. Ningebaki na majike manane na hamu." Akazidi kukipangusa kitoto. "Na wewe ulivyokishika kile kisu. Nilikutazama nikamwona kaka yako. Alikuwa na hicho hicho kichwa, hasikii la mtu, na akikosea anasimama hivyo hivyo, hakimbii. Nikashindwa."

Aibu ilimjaa Oswaldi, na juu ya aibu akahisi kwamba anapendwa, na hayo mawili yakija pamoja mtu mzima hajui uso wake aupeleke wapi.

"Sasa dhambi yako, shemeji," alisema mwishowe. "Umebeba dhambi kwa ajili yangu."

"Sijaibeba. Niliipeleka kwa Padri kule Kaengesa, nikaungama. Akanipa rozari tatu za malipizi." Luciana akainua uso, na macho yake yalikuwa yanacheka ingawa yamelowa. "Moja nilisali mimi, ya uongo wangu. Mbili nimekuwekea tangu Aprili, moja ya koleo na moja ya daftari. Haya, piga magoti. Na usali kwa sauti, nisikie."

Oswaldi akavua kofia, akapiga magoti palepale kwenye samadi ya mbuzi, akaanza.